Conques, kijiji kilichozaliwa na abasia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitaja Conques kwa ndugu na marafiki, maswali huwa ni yaleyale: ni wapi, kuna nini, na kwa nini watu watembee kwa miguu siku nyingi kwenda kuona kijiji kisichojaza hata ukumbi wa shule. Majibu yangu ni haya. Pale penye mengi ya kusema nimejiachia.

Conques iko wapi?

Kusini mwa Ufaransa, katika mkoa wa Aveyron, nchi ambayo zamani iliitwa Rouergue. Ukitoka mji wa Rodez unaelekea kaskazini mwendo wa kilomita 40 hivi, kwenye barabara za kona nyingi. Kijiji kimeshikilia ubavu wa mlima, juu kidogo ya pale kijito cha Ouche kinapoingia mto Dourdou. Nyumba zimepandana hadi paa la moja linakuwa usawa wa mlango wa nyingine. Kuta ni za mawe na mbao, na mapaa yameezekwa kwa mawe bapa ya kijivu yanayong'aa mvua ikinyesha.

Tangu Januari 2016 Conques si kata ya peke yake tena. Imeunganishwa na majirani watatu, Grand-Vabre, Noailhac na Saint-Cyprien-sur-Dourdou, na eneo zima linaitwa Conques-en-Rouergue. Kabla ya hapo Conques yenyewe haikufikisha wakazi 300.

Kwa nini watu walijenga mahali pagumu hivi?

Kwa sababu mtu wa kwanza kufika hakuwa anatafuta shamba wala soko. Alikuwa mkaapweke aitwaye Dadon, aliyekuja kuishi na kusali humu bondeni kati ya mwisho wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9. Wenzake walimfuata, wakaanza kuishi kwa kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na mwaka 819 Mfalme Louis Mcha Mungu, mwana wa Charlemagne, mtawala mkuu wa Wafaranki, akawapa hati na mashamba ya kuwategemeza.

Kijiji kilifuata nyuma ya watawa. Abasia inahitaji mwashi, mhunzi, msaga nafaka na wa kutunza mizabibu. Wageni wa abasia nao wanahitaji mkate, kitanda na fundi wa viatu. Wasomaji wa Ruvuma hawahitaji kuelezwa sana: Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898, na leo kuna mji mzima ambao usingekuwepo bila abasia ile. Conques ni habari ya namna hiyo, ila ilianza miaka 1,100 kabla.

Foy ni nani, na mbona kanisa lina jina lake?

Mapokeo yanasema alikuwa msichana wa miaka 12 katika mji wa Agen, aliyeuawa mwaka 303 wakati wa dhuluma ya Kaizari Diocletian kwa kukataa kutoa sadaka kwa miungu ya Kirumi. Walimlaza juu ya kitanda cha chuma chenye moto chini yake, kisha wakamkata kichwa. Agen walimjengea kanisa na kumheshimu kwa karne kadhaa. Kwa Conques hakuwa na uhusiano wowote. Hakuzaliwa huko, hakufia huko, wala hakuwahi kukanyaga bonde lile akiwa hai.

Sasa alifikaje Conques?

Aliibwa. Hapa ndipo habari yote ya kijiji ilipo, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Katika karne ya 9, monasteri isiyo na masalia, yaani mifupa, ya mtakatifu mkubwa ilikuwa hatarini. Mahujaji hawakuwa na sababu ya kuja, na pasipo mahujaji hakuna sadaka wala walinzi wenye nguvu. Conques ilikuwa na shida ya ziada: Figeac, mahali penye ardhi tambarare na njia nzuri, palikuwa na monasteri mpya iliyokuwa ikipendelewa na wakuu na kuwavuta watu. Watawa wa Conques walijaribu kwanza kupata masalia ya Vincent wa Zaragoza, mtakatifu wa Uhispania, wakashindwa.

Ndipo, kwa simulizi yao wenyewe, mmoja wao aitwaye Ariviscus alipokwenda Agen, akajiunga na watumishi wa kanisa la Foy bila kusema alikotumwa. Alikaa nao takriban miaka kumi. Alisali nao, akala nao, wakamwamini hadi wakampa kazi ya kulinda kaburi. Usiku mmoja wenzake wakiwa mezani, alilivunja kaburi, akayachukua masalia na kukimbia nayo. Yaliingia Conques mwaka 866, kijiji kikayapokea kwa shangwe.

Huwa nawaza sana ile miaka kumi. Mtu aliishi na watu, akijua tangu siku ya kwanza kwamba atawaibia.

Kwani hilo halikuwa dhambi?

Kwa hesabu yetu ni dhambi mara mbili, wizi na usaliti. Watawa waliona vingine, na hawakuificha habari: waliiandika na kuisoma hadharani. Hoja yao ilikuwa kwamba mtakatifu ni mtu aliye hai mbinguni, mwenye hiari na nguvu. Kama Foy hakutaka kuondoka Agen, angemzuia mwizi. Kwa kuwa aliondoka, basi aliridhia. Wizi wa namna hiyo ulifanyika sehemu nyingi za Ulaya siku zile, na utetezi wake ulikuwa huohuo.

Mimi utetezi huo haunishawishi. Lakini najua kwamba bila usiku ule Conques ingebaki kijimonasteri kilichosahauliwa bondeni, pengine magofu tu. Njia ya mahujaji ingepita kwingine.

Ile sanamu ya dhahabu ni ya lini?

Kiini chake ni cha mti, na kilitengenezwa kati ya karne ya 9 na ya 10, kisha kikafunikwa mabamba ya dhahabu. Ina urefu wa sentimita 85 tu. Foy ameketi kwenye kiti cha enzi, mikono mbele, macho makubwa yanatazama mbali juu ya kichwa chako. Uso haufanani na wa msichana hata kidogo. Ni uso mzito wa mtu mzima, na wataalamu wengi wanaamini kichwa kilitolewa kwenye sanamu ya Kirumi ya karne ya 4 au ya 5, labda ya kaizari. Kwa maneno mengine, binti aliyeuawa na dola ya Roma huenda amevalishwa uso wa mtawala wa Roma.

Joho lake limejaa vito, na kila kito kina mtoaji wake. Mahujaji walikuwa wakivua pete na bangili wakampa, karne baada ya karne, ndiyo maana haikai sawasawa kama kazi ya fundi mmoja. Foy alisifika kwa kupenda mapambo. Ilisimuliwa kwamba alimtokea Arsinde, mke wa mtawala wa Toulouse, akamwomba bangili zake za dhahabu, na kwa malipo akamjalia watoto wa kiume. Wanawake wengine waliogopa kumkaribia wakiwa na pete nzuri, maana aliyeficha pete yake alijuta. Watu wa kijiji waliita matendo hayo michezo ya Foy. Hata nyumbu aliyekufa alisemekana kufufuliwa.

Je, hakuna aliyeona kwamba ni ibada ya sanamu?

Yupo, tena msomi. Bernard, mkuu wa shule ya Angers kaskazini, alikuja mwaka 1013 akiwa amejaa mashaka. Njiani, huko Aurillac, aliona sanamu ya dhahabu ya Mtakatifu Gerald, watu wamepiga magoti mbele yake. Akamnong'oneza mwenzake kwa Kilatini: ndugu, unaonaje hiki kinyago? Jupita na Marsi, miungu ya Kirumi, wangekikataa?

Siku chache baadaye alisimama mbele ya Foy katikati ya umati. Alikaa, akasikiliza. Walimletea mtu aitwaye Guibert, aliyesemekana kung'olewa macho na kurudishiwa, na ambaye kijiji kizima kilimfahamu. Bernard akabadilika. Alirudi Conques mara kadhaa na kuandika miujiza aliyosimuliwa, na ni kwa kalamu yake tunajua mengi ya maisha ya kijiji hiki miaka elfu moja iliyopita: wafungwa waliotoroka wakaleta minyororo yao kama shukrani, vipofu waliokesha kanisani, wakulima walioimba nyimbo zao za kijijini usiku kucha mpaka watawa wakakasirika.

Minyororo ile iliongezeka hadi ikafuliwa kuwa vizuizi vya chuma. Vizuizi vya chuma vilivyozunguka altare unavyoviona leo vinasemekana kutokana na chuma hicho.

Nikifika, nitazame nini kwanza?

Jiwe la juu ya mlango mkuu. Ni nusu duara yenye upana wa karibu mita 7, iliyochongwa mwanzoni mwa karne ya 12, na ina watu 124. Mada ni Hukumu ya Mwisho. Kristo yuko katikati, mkono wa kuume juu, wa kushoto chini. Upande wako wa kushoto ni paradiso, kumenyooka na kutulia. Upande wa kulia ni jehanamu, na kule ni vurugu tupu.

Nenda na darubini ndogo kama unayo. Chini ya miguu ya Kristo, malaika na shetani wanapima roho kwenye mizani, na shetani anabonyeza upande wake kwa kidole. Mlango wa paradiso una kufuli na bawaba zilizochongwa kwa uangalifu, na wa jehanamu una domo la mnyama linalomeza watu. Mpanda farasi mwenye majivuno anaporomoka kichwa chini. Bahili amenyongwa, mfuko wa pesa shingoni. Mwindaji haramu anachomwa juu ya moto, na anayemgeuza ni sungura. Watawa hawakujisamehe pia: kuna abate na wenzake wamenaswa kwenye wavu, na kuna mfalme aliye uchi motoni.

Upande wa wema, katika msafara unaomwendea Kristo, Charlemagne anakwenda ameinama kidogo huku abate akimshika mkono, mithili ya mtu mwenye kesi nzito. Foy mwenyewe ni mdogo sana. Amepiga magoti, ameinama mbele ya mkono mkubwa wa Mungu unaotoka mawinguni, na nyuma yake minyororo ya wafungwa inaning'inia. Usipomtafuta utampita.

Ukingoni mwa upinde kuna vichwa vidogo vinavyochungulia, vidole vimeshika ukingo wa jiwe mfano wa watoto nyuma ya pazia. Rangi ya buluu na nyekundu bado imebaki hapa na pale, kwa kuwa jiwe lote lilipakwa rangi. Na chini kabisa yameandikwa maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni: enyi wenye dhambi, msipobadili mienendo yenu, jueni kwamba hukumu kali inawangoja. Hayo waliyasoma mahujaji waliokwisha kutembea siku nyingi, miguu imevimba, kabla ya kuvuka kizingiti.

Kanisa kubwa hivi kwa kijiji kidogo hivi, kwa nini?

Halikujengwa kwa ajili ya kijiji. Kazi ilianza katikati ya karne ya 11 chini ya Abate Odolric, ikaendelea hadi karne ya 12. Dari iko juu zaidi ya mita 20, na njia ya pembeni inazunguka hadi nyuma ya altare ili umati upite mbele ya masalia bila kuwakatiza watawa sala zao. Abate Bégon III, aliyeongoza hadi mwaka 1107, ndiye aliyejenga ua wa ndani wa watawa na kuipa abasia kazi nzuri za dhahabu.

Abasia ilianguka lini?

Ilidhoofika polepole. Mahujaji walipungua, na mwaka 1537 watawa Wabenedikto waliacha nafasi yao kwa makasisi wa kawaida wa kanisa. Vita vya dini vya karne hiyo viliacha kanisa limeungua. Mapinduzi ya Ufaransa yalipofuta mashirika ya kidini, hata makasisi hao wakaondoka.

Hapo ndipo kijiji kilipofanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Serikali ya mapinduzi ilikuwa ikikusanya dhahabu na fedha za makanisa kote nchini ili ziyeyushwe. Wenyeji wa Conques waligawana hazina ya abasia na kuificha, vitu vingine ndani ya nyumba, vingine vimezikwa bustanini. Walikuwa watu maskini, wa mashamba ya mteremko na misitu ya chestinati. Dhahabu ile ingelisha familia kwa miaka. Hatari ilipopita, waliirudisha. Karibu kila mahali pengine Ufaransa hazina za namna hii zilipotea, na ndiyo sababu Conques leo ina mkusanyiko wa kazi za dhahabu za Zama za Kati ambao hauna wa kulingana nao nchini.

Ua wa watawa haukuwa na bahati hiyo. Ulibomoka, na mawe yake mengi yakaishia kwenye kuta za watu. Leo yamebaki matao machache na beseni kubwa la mawe ya kijani.

Nani aliliokoa kanisa?

Prosper Mérimée, aliyekuwa mkaguzi wa majengo ya kale wa serikali, alifika mwaka 1837. Alishangaa kukuta utajiri wa namna ile mahali pasipofikika, akaandika taarifa iliyofungua mkoba wa serikali. Minara miwili ya mbele ni kazi ya karne ya 19, kwa hiyo usidhani ina umri wa kanisa. Mwaka 1875, wakati wa matengenezo, sanduku la ngozi lenye masalia ya Foy lilikutwa limefichwa ukutani karibu na altare.

Watawa bado wapo?

Wapo, ila si Wabenedikto. Tangu mwaka 1873 ni ndugu Wanorberti, shirika jingine la Kikatoliki, nao ni wachache. Wanaendesha nyumba ya wageni ya mahujaji na kusali kanisani kila siku. Usiku baada ya sala ya mwisho wanawabariki mahujaji, kisha mmoja wao hutoka nje na kufafanua lile jiwe la mlangoni mbele ya watu waliokaa kwenye ngazi. Ukilala Conques usiikose saa hiyo. Wanaokuja kwa basi na kuondoka saa kumi jioni hawaipati.

Mbona vioo vya madirisha havina picha wala rangi?

Ni kazi ya Pierre Soulages, mchoraji aliyezaliwa Rodez mwaka 1919 na kufariki mwaka 2022 akiwa na miaka 102. Alikuja Conques akiwa mwanafunzi, na alisema kwamba ni humu kanisani alipoamua kuwa msanii. Serikali ilimpa kazi hii katika miaka ya 1980, akaimaliza mwaka 1994: matundu 104, pamoja na Jean-Dominique Fleury, fundi vioo wa Toulouse.

Alitaka kioo kinachopitisha mwanga bila kukuonyesha kilicho nje. Walijaribu mara nyingi mpaka wakapata kioo cheupe chenye chembe ndani, nene mahali na nyembamba mahali. Mistari myeusi inayokishika imepinda kidogo. Keti kwenye benchi kwa saa moja uone. Asubuhi upande mmoja huwa na ubaridi wa buluu, mwingine una joto la rangi ya chungwa, kisha mambo yanahama jua linapohama. Mawe ya ukuta, ya manjano, mekundu na ya kijivu, yanaonekana kwa rangi yake halisi.

Wenyeji wengi walikasirika mwanzoni, kwani waliondolewa vioo vya picha walivyovizoea tangu katikati ya karne ya 20. Ninawaelewa. Hata hivyo naona Soulages alikuwa sahihi, maana vioo vya rangi vilikuwa vinayapaka mawe rangi isiyo yake.

Njia ya hija inayopita hapa ni ipi?

Ni njia ya Le Puy, mojawapo ya njia nne kuu za Ufaransa zinazoelekea Santiago de Compostela, Uhispania. Kutoka Le Puy-en-Velay hadi Conques ni takriban kilomita 200, na wengi hutembea siku kumi hivi. Wengine huishia hapa. Wengine wanaendelea: wanashuka kwa mtaa wenye jina la Charlemagne, wanavuka daraja la kale la mto Dourdou, wanapanda mlima wa ng'ambo hadi kikanisa cha Foy na kugonga kengele. Tangu mwaka 1998 kanisa na daraja vimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO kama sehemu ya njia hizo.

Lazima niwe Mkatoliki?

Hapana. Nyumba ya mahujaji inapokea mtu yeyote anayetembea, na kanisani unaingia bure. Hazina ina kiingilio. Wakati wa sala keti au toka, usizungukezunguke na simu.

Wenyeji wanaishi kwa kazi gani?

Wageni kwanza: hoteli ndogo, migahawa, maduka ya mafundi wa mikono. Kilimo na ufugaji viko zaidi katika vijiji vya jirani. Majira ya joto vichochoro hujaa hadi hupitiki, na baridi ikiingia madirisha mengi hufungwa. Hilo linaniuma, kwani kijiji kinahitaji watoto na mwalimu kuliko kinavyohitaji duka jingine la kadi za posta.

Chakula je?

Ulizia estofinado: samaki mkavu wa Norway, viazi, mayai na mafuta ya jozi. Samaki huyo alikuwa akipandishwa kwa mashua mto Lot, akawa chakula cha bara kabisa. Kuna pia aligot, viazi vilivyopondwa na jibini changa hadi vinavutika.

Nifikeje, na lini?

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen. Treni zinafika Rodez na Figeac, kisha gari. Usafiri wa umma hadi kijijini ni haba, uulizie mapema. Gari unaliacha nje ya kijiji. Mei, Juni na Septemba ni miezi mizuri. Sikukuu ya Foy ni tarehe 6 Oktoba, na maandamano hufanyika siku za karibu na hapo.

Nina nusu siku tu. Nifanyeje?

Anza na jiwe la mlangoni, uingie kanisani, kisha hazina. Halafu shuka hadi darajani na upande ng'ambo kwenye kikanisa cha Foy, uone kijiji kizima kwa mbali. Vaa viatu vya kushika, maana mawe ya njia yanateleza.